Cheti Kinavyovuka Mpaka

Mwezi Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kutumia vyeti vya kughushi. Vyeti hivyo vilikuwa vimepita kwenye usaili, kwenye masjala na mikononi mwa maofisa utumishi bila kugundulika. Kilichowaumbua wenye vyeti ni kazi ya subira ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA: kushika cheti, kutazama namba ya mtahiniwa, kurudi kwenye kumbukumbu na kuona kama jina limo au halimo.

Kisa hicho kinamhusu kila anayejiandaa kupeleka nyaraka zake nje ya nchi, kwa sababu kinaonyesha tofauti ambayo wengi hawaioni. Kuna kuthibitisha kwamba sahihi iliyo kwenye karatasi ni ya ofisa fulani, na kuna kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa juu ya sahihi hiyo ni kweli. Hizo ni kazi mbili, na hufanywa na watu tofauti. Karibu mihuri yote inayomhangaisha mwombaji kutoka dirisha moja hadi jingine hufanya ile ya kwanza tu. Asiyelijua hilo anaweza kumaliza akiba yake kwenye mihuri, kisha akakataliwa mwisho wa safari.

Chukua mfano wa mke anayetoka Tanga kumfuata mumewe Abu Dhabi. Viza ya familia ya Falme za Kiarabu haitoki kwa kuonyesha cheti cha ndoa peke yake. Kwanza cheti kinapita kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, wenye kumbukumbu za ndoa kwa upande wa Tanzania Bara. Kutoka hapo kinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam. Kikishafika kule, Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo nayo inaweka uthibitisho wake, na kuna kutafsiriwa Kiarabu na mtafsiri anayetambulika huko.

Ukikigeuza cheti hicho nyuma baada ya safari yote, utakuta historia yake imeandikwa kwa wino wa rangi mbalimbali. Kila ofisa amemthibitisha aliyemtangulia. Wizara inasema: sahihi ya ofisa wa usajili tunaitambua. Ubalozi unasema: sahihi ya ofisa wa wizara tunaitambua. Wizara ya kule inasema: sahihi ya ubalozi wetu tunaitambua. Hakuna hata mmoja katika hao watatu aliyeuliza kama ndoa ilifungwa, lini, na nani alikuwa shahidi. Swali hilo liliishia kwenye daftari la msajili.

Ofisa wa wizara anafanyaje kazi yake? Mbele yake ana vielelezo vya sahihi na mihuri vilivyowasilishwa na taasisi zinazotoa nyaraka. Analinganisha. Msajili wa wilaya akihamishwa na sahihi ya aliyempokea ikawa haijafika kwenye vielelezo hivyo, cheti halali kabisa kinaweza kurudishwa. Aliyesafiri kutoka Kigoma au Songea kwa nauli ya kukopa anaambiwa arudi alikoanzia, na hakuna kosa lolote alilofanya. Hapa ndipo vishoka hupata wateja. Mtu aliyechoka, ana tarehe ya safari na haelewi kwa nini amerudishwa, ni rahisi kuamini anayemwambia kwamba ana mtu wake ndani.

Kenya mnyororo ni huohuo, ila vituo vina majina mengine. Hati iliyosainiwa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya unotari hupelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, ambaye huithibitisha sahihi ya wakili huyo. Kisha inapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, katika jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, Nairobi, na baada ya hapo ubalozi wa nchi inakokwenda.

Dunia ilikwisha kutafuta njia fupi. Tarehe 5 Oktoba 1961, Mkutano wa The Hague wa Sheria Binafsi ya Kimataifa ulihitimisha mkataba wa kuondoa msururu huu kwa nyaraka za umma, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 24 Januari 1965. Badala ya mihuri mitatu au minne, nchi inakotoka hati inatoa cheti kimoja kiitwacho apostili. Umbo lake limepangwa na mkataba wenyewe: mraba ambao kila upande wake haupungui sentimita 9, kichwa chake kikiwa kwa Kifaransa, na chini yake vipengele 10 vyenye namba. Nchi ya hati, aliyesaini, cheo alichosainia, muhuri uliopo, mahali, tarehe, anayethibitisha, namba ya cheti, muhuri wake na sahihi yake. Basi. Ubalozi hauna tena nafasi katika safari hiyo, maana mkataba unakataza kudai uthibitisho mwingine juu ya apostili. Kila mamlaka inayozitoa inalazimika kutunza rejista, ili mpokeaji akiwa na shaka aulize kwa namba. Tangu 2006 upo pia mpango wa apostili za kielektroniki.

Apostili nayo inathibitisha sahihi, cheo na muhuri, na haigusi ukweli wa yaliyomo. Faida yake ni kwamba inaifanya kazi hiyo mara moja, mahali pamoja.

Nchi zilizojiunga zimepita 120. Burundi iliingia mwaka 2015. Oman ilitangulia, mwaka 2012. Saudi Arabia ilifuata Desemba 2022, China Novemba 2023, Kanada Januari 2024 na Rwanda Juni 2024. Hadi mwisho wa 2024, Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa bado nje.

Kukaa nje kunamgharimu nani? Linganisha walimu wawili waliopata kazi katika jiji moja la China, mmoja kutoka Durban, mwingine kutoka Arusha. Afrika Kusini imo katika mkataba tangu 1995. Kwa hiyo kuanzia Novemba 2023 shahada ya yule wa Durban inahitaji apostili ya nchini kwake, na hapo safari ya mihuri imekwisha. Yule wa Arusha bado anapita wizarani na ubalozini, analipa kila dirisha, anasubiri kila dirisha. Elimu yao inaweza kuwa sawa, na mwajiri ni yuleyule.

Uanachama unahitajika pande zote mbili, na hapo ndipo ndugu wengi wenye jamaa Muscat wanapochanganyikiwa. Wanasikia Oman inapokea apostili, wanafika ofisini Dar es Salaam au Zanzibar kuiomba. Haipo. Oman inaipokea kutoka nchi mwanachama mwenzake. Cheti cha kuzaliwa cha Pemba kitafuata njia ya zamani ya wizara na ubalozi. Hata kati ya wanachama mlango unaweza kubaki umefungwa, kwa sababu nchi iliyomo ina haki ya kumpinga mgeni anayejiunga, na mkataba usifanye kazi baina yao. Ujerumani iliipinga Burundi kwa utaratibu huo. Mrundi mwenye apostili anaweza kuitumia katika nchi mwanachama ambazo hazikuweka pingamizi, lakini akifika Ujerumani ikawa haina kazi. Ukurasa wa mkataba kwenye tovuti ya Mkutano wa The Hague unaonyesha nani amempinga nani, na inafaa kuutazama kabla ya kutoa hata senti.

Mzigo huo unawaangukia walioko ughaibuni pia. Mtanzania anayeishi Texas anataka kumpa dada yake mamlaka ya kisheria kuuza kiwanja Mbezi. Anasaini hati mbele ya notari. Sahihi ya notari inathibitishwa na ofisi ya jimbo iliyoko Austin, ofisi ya Austin inathibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na hatimaye ubalozi wa Tanzania mjini Washington unaweka uthibitisho wake. Marekani imo katika mkataba tangu 1981. Tanzania ingekuwemo, hati hiyo ingeishia Austin na kutumwa moja kwa moja kwa dada, ambaye angebaki na kazi ya kuisajili kwa Msajili wa Hati. Kwa sasa, anayeweza kufika ubalozini aulize kwanza kama atasaini mbele ya ofisa wa ubalozi mwenyewe. Hati ya namna hiyo mara nyingi huokoa vituo viwili.

Yote hayo ni habari ya sahihi. Lile swali jingine, la ukweli, linazidi kuulizwa, na wanaoliuliza hawatosheki na muhuri.

Wauguzi na madaktari wanaokwenda Ghuba wanalijua vizuri. Mamlaka za afya za Dubai na Saudi Arabia hupeleka vyeti vya waombaji kwa kampuni ya uhakiki, DataFlow, na kampuni hiyo huandikia chuo alikosoma muuguzi, baraza lililompa leseni na hospitali alikofanya kazi. Chuo kisipojibu, faili linasimama. Muuguzi anaweza kuwa amekamilisha mihuri yote ya wizara na ubalozi, huku kazi yake ikikwama kwa barua pepe ambayo haijafunguliwa katika ofisi ya msajili wa chuo. Cha kumsaidia ni kwenda chuoni mapema, kumjua mhusika wa kumbukumbu na kuhakikisha jina lake kule limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi balozi zake zimesimamisha uhalalishaji wa nyaraka za Kenya na Uganda kwa hoja kwamba haziwezi kuzitegemea kumbukumbu zilizo nyuma yake. Mkenya anayetaka kufunga ndoa Hamburg hupelekewa hati zake kwenye uchunguzi: ofisi ya ndoa ya kule inauomba ubalozi ulioko Nairobi, na ubalozi unamtuma mtu wake hadi kwenye rejista, shuleni, kanisani, pengine kwa majirani na wazazi. Gharama ni za mwombaji, na miezi hupita. Inaumiza kuona mtu mwadilifu akilipia udanganyifu wa wengine kwa namna hii, na ndiyo sababu kughushi cheti si jambo la kuchekewa hata linapofanywa na ndugu. Kila cheti feki kinachokamatwa kinaongeza uchunguzi kwa wanaokuja nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumuuliza mpokeaji: chuo, mwajiri, mahakama au benki ya kule. Aandike anataka nini hasa. Muhuri wa wizara? Uhakiki wa moja kwa moja? Nakala au hati asilia? Tafsiri ifanyikie wapi? Jibu lake lihifadhiwe, kwa kuwa vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, huridhika na matokeo yanayoweza kuhakikiwa kwa chanzo, na mwanafunzi aliyekwisha kulipia mihuri ya ubalozi amepoteza fedha zake.

Majina ndiyo yanayokwamisha watu kuliko kitu kingine. Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye pasipoti, na kwenye cheti cha kidato cha nne jina la babu limeachwa. Marekebisho ya namna hiyo, iwe kwa hati ya kiapo au kwa kubadili kumbukumbu, yafanyike kabla ya muhuri wa kwanza, kwa sababu mihuri yote inayofuata itabeba kosa lilelile. Cheti kisivalishwe plastiki dukani, maana wino haushiki juu yake na ofisa anaweza kukikataa. Cheti cha tabia njema kutoka polisi kiombwe mwishoni, baada ya mengine kukamilika. Wapokeaji wengi wanataka kisichozidi miezi mitatu au sita, na msururu wa mihuri unaweza kuumaliza muda huo kikiwa bado njiani.

Hati za Mahakama ya Mwanzo nazo zina mambo yake. Mjane anayefuatilia akaunti ya marehemu mumewe London anashika hati ya usimamizi wa mirathi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Itabidi itafsiriwe, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo. Aulize benki mapema kama tafsiri itathibitishwa pamoja na hati asilia au kila moja peke yake, kwa kuwa kuzitenganisha karatasi mbili zilizokwisha kugongwa muhuri mmoja huifanya kazi yote ianze upya.

Kujiunga na mkataba wa apostili hakuhitaji mtambo wala jengo jipya. Nchi inakabidhi hati yake ya kujiunga kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uholanzi, wanachama wanapewa miezi sita ya kuweka pingamizi, na siku ya 60 baada ya hapo mkataba unaanza kufanya kazi kati yake na wasiopinga. Rwanda ilipita njia hiyo kwa takriban miezi minane. Mkataba unairuhusu nchi kuteua mamlaka zaidi ya moja ya kutoa apostili, kwa hiyo Tanzania ingeweza kuteua maofisa wake wa Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar wanaoshughulikia nyaraka hizohizo leo, Kenya ikawatumia wale wa Harambee Avenue, na mwalimu wa Arusha akakata tiketi yake bila kupita ubalozini.