Rangi Iliyopoa katika Nuru ya Igalula

Mtu ajengaye nyumba yake Igalula, mkoani Tabora, akiisha kupiga ripu na kuezeka bati, aghalabu huenda dukani akaulizia rangi iliyopoa, yaani krimu, maziwa, kijivu chepesi au ile ifananayo na pembe ya ndovu, kisha huchagua kwa kutazama kadi ndogo kiganjani, ilhali nuru ya duka si nuru ya chumba chake. Nadai ya kwamba rangi ya namna hii haichaguliwi dukani bali ukutani, kwa kuwa hakuna rangi iitiiyo nuru kuliko hiyo.

Sababu imo katika maumbile ya nuru. Nuru ya jua ni jamii ya rangi zote. Ukuta mwekundu humeza nyingi na kurudisha wekundu, ama ukuta wa krimu hurudisha karibu zote, na kwa hiyo kila badiliko la nuru hudhihirika juu yake. Jua likichomoza, miale yake hukata masafa marefu hewani, buluu ikatawanyika njiani, na chumba kielekeacho mashariki kikapokea umanjano; chumba kisichopigwa na jua huangazwa na mbingu tupu, na kijivu kilichopendeza dukani kikageuka baridi. Tena palipo na uwanja wa udongo mwekundu, ambao wekundu wake watokana na chuma kilichoshika kutu, jua hugonga ardhi, likarudi kupitia dirishani na kuitia dari uwaridi hafifu.

Vitabu vya Ulaya huonya juu ya vyumba vielekeavyo kaskazini, ambavyo kwao havipati jua. Onyo hilo halitufai, maadamu Igalula iko kiasi cha digrii 5 kusini ya ikweta: mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na mwanzoni mwa Machi na mwa Oktoba hupita karibu na utosi. Kwetu jambo kubwa ni mashariki na magharibi.

Wazee wa njia ya misafara walijikinga na jua hilo kwa tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa na kuta nene, kama ile ya Kwihara karibu na Tabora, walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ndani mlikuwa baridi, lakini giza. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikipitia Igalula ilirahisisha uchukuzi wa bati na saruji, na madirisha yetu leo ni mapana. Hata hivyo nuru iingiayo hutegemea kuta ili ifike pembeni. Ukuta urudishao sehemu 80 katika 100, nuru ikiugonga mara mbili, husalia 64. Urudishao 50 huacha 25 tu. Weupe mtupu nao, jua kali likiupiga, huumiza macho; ndiyo maana rangi iliyopoa, iliyo karibu na weupe bila ya kuufikia, ni ya wastani na ya hekima.

Jambo jingine ni ujirani. Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya Gobelins, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika machoni kwa sababu ya iliyo kando yake. Kijivu kando ya mlango wa mninga, wenye wekundu wa kahawia, huelekea ubuluu. Krimu hupatana nao zaidi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanunua ndoo nzima, nunua kopo dogo, upake mikono miwili ubao wa dhiraa moja, uuache ukauke barabara, kisha uusimamishe karibu na dirisha, halafu katika pembe yenye giza, ukiutazama asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku chini ya taa utakayoitumia. Futi tatu za chini za ukuta, ambako vumbi na mikono ya watoto hufika, zipake rangi ya mafuta iliyokoza kidogo, ipate kuoshwa. Rangi itakayokuridhisha saa zote hizo ndiyo ya nyumba yako, hata kama jirani amechagua nyingine.