Somo la Leo: Maliza Kwanza, Ndipo Uanze

Fungueni madaftari yenu.

Programu ni maagizo yanayoiongoza kompyuta. Huandikwa na mafundi wengi pamoja. Mara nyingi mafundi walifanya kazi miezi mingi bila kumwonyesha kitu yule aliyewaagiza. Siku ya kukabidhi, naye akasema, "Siyo niliyoitaka." Basi fedha na jasho vikapotea bure.

Huko Japani, katika miaka ya 1950, Bwana Taiichi Ohno wa kiwanda cha magari cha Toyota aliweka utaratibu wa kadi. Fundi hatengenezi kipande mpaka kadi imwambie kwamba kinahitajiwa. Hivyo vipande havirundikani, na kasoro huonekana mapema.

Waandishi wengi wa programu wameiga jambo hilo. Kila kazi ina kadi yake ubaoni, katika safu tatu: itakayofanywa, inayofanywa, iliyokwisha. Safu ya katikati ina kikomo, tuseme kadi tatu. Zikitimia, hakuna kuanza nyingine. Wote humsaidia aliyekwama. Kila kazi iliyokwisha huonyeshwa aliyeiagiza, ili kosa lisahihishwe lingali dogo.

Swali: Kwa nini safu ya katikati iwekewe kikomo? Andikeni jibu lenu. Kwaherini.