Tumeri ya moyo: kisha operasio, inaweza kurudi?

Huku kwetu Ruashi, muntu akisikia neno «tumeri», mawazo yake yanakimbia paka kwa kansere. Munganga akisema tumeri iko ndani ya moyo, jamaa yote inaanza kulia. Tungoje kwanza.

Moyo una valvu ine. Ni kama milango midogo: inafunguka damu ipite, kisha inafungika damu isirudi nyuma. Juu ya mlango huo kunaweza kuota kitu kidogo wamunganga wanaita fibroelastoma. Si kansere, na haisambai mwilini. Inakomaa polepole sana, na mara nyingi haipite santimetri mbili.

Basi hatari iko wapi? Iko laini, yenye nyuzi-nyuzi. Damu inaweza kuganda pale, ama kipande kikakatika na kufuata damu mpaka kwa ubongo. Pale muntu anapooza upande mumoja, na pengine anashindwa kusema. Udogo wake usitudanganye.

Kutoa tumeri ya moyo si jambo la jana. Mwaka 1954, kule Stockholm, munganga Clarence Crafoord alitoa mikzoma, tumeri ingine isiyo kansere, na mugonjwa akapona. Leo karibu na sisi, taasisi ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam inapasua moyo.

Fibroelastoma ikitolewa yote, ni mara chache sana inarudi. Mikzoma inarudi kwa wagonjwa karibu 1 mpaka 3 kwa 100, na zaidi kwa wale wenye ugonjwa huo katika jamaa yao.

Lakini «mara chache» haiseme «hapana». Kwa hiyo kuna ekografi ya moyo: haiume, haikate mwili. Munganga analinganisha picha ya leo na ile ya zamani. Bila ile ya zamani, hawezi kujua kama kitu kinakomaa. Wamama, muchunge karatasi zote za hopitali, sawa vile munachunga karatasi ya kiwanja.

Na wewe muchimbaji, mfupa wa kifua uliopasuliwa unaomba juma 6 mpaka 12 ili ushikamane. Usishuke mu shimo, usibebe mufuko, mbele munganga hajakupa ruhusa. Jamaa imeuzisha vitu juu ya operasio yako. Kukosa kontroli juu unajisikia muzima, ni kutupa ile franga yote.