Hewa Kavu Ndiyo Inayoleta Theluji Mahlasela

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Jikoni kwake pana jokofu, lakini maji ya kunywa huyachota kwenye mtungi wa udongo ulio pembeni mwa dirisha. Anasema ya jokofu yanauma meno, ya mtungi yanakata kiu. Mimi nafundisha fizikia ya angahewa, na sikuwahi kudhani kwamba mtungi ule ungenisaidia kuwaeleza watoto wangu theluji. Julai tulimchukua yeye na wajukuu zake wawili, wa miaka 11 na 7, tukaenda milima ya Maluti nchini Lesotho wakajifunze kuteleza kwa ski. Usiku wa kwanza mashine zilipoanza kunguruma, alitoka barazani na blanketi begani, akaona ukungu mweupe unarushwa juu chini ya taa, akaniuliza, "Mwanangu, ule ni moshi?"

Nikamwambia ni maji matupu. Akanyamaza kidogo. "Sasa maji yanakuwaje theluji kwa kupulizwa?"

Swali lake ndilo ninalotaka kulijibu hapa, kwa sababu mlima wote ule unalitegemea.

Mahali penyewe panaitwa Afriski, katika bonde la Mahlasela kaskazini mwa Lesotho, karibu saa tano kwa gari kutoka Johannesburg. Unavuka mpaka Caledonspoort, unapita Butha-Buthe, kisha barabara inaanza kujikunja kupanda mpito wa mlimani wa Moteng hadi mita 2,820, inashuka, inapanda tena. Chini ya mteremko wa kutelezea ni mita kama 3,050 juu ya usawa wa bahari, na juu kabisa ni mita 3,222. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita 1 hivi. Huko Ufaransa kuna mabonde matatu yaliyounganishwa, Les Trois Vallées, yenye njia za kilomita 600, na aliyezoea huko akifika Mahlasela ataona ameletwa kwenye ua wa nyumba. Kwa familia ya wanaoanza, mimi ningechagua ua huu, na sababu nitazieleza.

Kwanza theluji. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000, na majira yake ni kinyume cha Ulaya: baridi huingia Juni na kutoka Agosti. Watu wengi hudhani mahali pa juu na penye baridi pana theluji ya kutosha. Sivyo. Mvua za Lesotho hunyesha wakati wa joto, takriban Oktoba hadi Aprili, na majira ya baridi ni makavu. Mara chache hewa baridi kutoka pande za bahari ya kusini hupenya hadi huko na milima ikaamka myeupe tupu, lakini huwezi kupanga likizo ya shule kwa kuibahatisha siku hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya theluji wanayoitelezea watoto pale inatengenezwa. Na ule ukavu unaoinyima milima theluji ya mbinguni ndio huohuo unaoiwezesha mashine kuitengeneza.

Hapa ndipo mtungi unapoingia. Udongo wa mtungi una vinyweleo, maji huvuja polepole hadi nje, na yakifika nje hugeuka mvuke. Maji hayageuki mvuke bure. Yanahitaji joto, na joto hilo huchotwa kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi hupoza zaidi Dodoma kuliko Pangani: hewa ya pwani imeshiba unyevu na haina nafasi ya kupokea mvuke mwingine, hewa ya Dodoma ina kiu.

Mashine niliyowaonyesha watoto inafanana na feni kubwa iliyofungwa ndani ya pipa. Kwenye mdomo wa pipa kuna duara la matundu membamba yanayoyapasua maji kuwa ukungu, na feni huurusha ukungu huo mbali ili ukae hewani kwa sekunde kadhaa kabla ya kutua. Kila tone ni mtungi mdogo unaoruka. Sehemu yake kidogo hugeuka mvuke, iliyobaki inapoa, na hesabu yake ni ya ajabu: gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kugandisha gramu 7 za maji yaliyokwisha kufika nyuzi sifuri. Tunapoteza kidogo hewani, tunapata kingi ardhini.

Kwa hiyo mwenye mashine haangalii kipimajoto cha kawaida peke yake. Anaangalia pia kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji, kwa sababu hicho kinaonyesha tone litapoa kufikia wapi. Hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri na unyevu wake asilimia 30 tu, katika kimo cha Mahlasela kitambaa kitashuka hadi nyuzi 3 na nusu hivi chini ya sifuri. Theluji inatengenezeka. Hewa hiyohiyo ya nyuzi 2 ikiwa imejaa unyevu, kama asubuhi ya ukungu, hutapata ila matope. Mtu akinipigia simu kuniuliza kama kuna baridi huko milimani, nami humuuliza kama kuna ukavu.

Kuna jambo jingine ambalo watoto walilikataa hadi nikawaapia. Maji safi, yakiwa matone madogo sana, yanaweza kupoa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri yakabaki maji. Hayana pa kuanzia kuganda. Lazima pawe na punje: chembe ya vumbi, kipande cha barafu, kitu cha kushikia. Mashine hujitengenezea punje zake kwa kuchanganya maji kidogo na hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ikiachiwa ghafla hutanuka, hupoa mno, na kuzaa vijibarafu ambavyo matone mengine huvigusa na kuganda. Sehemu nyingine duniani huongeza kwenye maji protini ya bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, ambaye kwa asili yake ni hodari wa kugandisha maji kwenye majani ya mimea.

Werevu huu wote ulianza kwa shida ya biashara. Majira ya baridi ya kuingilia 1950, wenye kiwanda kidogo cha ski huko Milford, Connecticut, Marekani, walikaa na mali isiyonunulika kwa kuwa theluji haikuanguka. Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey walichukua kompresa ya kupulizia rangi, bomba la bustani na mdomo wa kunyunyizia, wakawasha usiku wa baridi. Asubuhi wakakuta lundo jeupe.

Theluji ya mashine si ile ya kwenye kadi za Krismasi. Ya mbinguni hukua polepole na kutoa mikono sita. Hii huganda kwa haraka kutoka nje kuelekea ndani, ikawa vitone vya mviringo kama chenga za mchele. Hushikamana, huwa nzito, hudumu juani. Lakini ni ngumu kuliko ile laini, na ukiiangukia asubuhi na mapema utaisikia nyongani. Mchana jua huyeyusha uso wake, usiku uso huo huganda upya, kwa hiyo saa mbili asubuhi mteremko ni kigae. Kuanzia saa nne hadi saa sita hulainika kiasi cha kumsamehe mwanafunzi. Alasiri inakuwa uji na miguu inachoka. Tuliwaacha watoto walale hadi saa tatu kila siku, na sijutii.

Sasa udogo wa mahali. Kuteleza hujifunzwa kwa kurudia, na mtu hujifunza akiwa anateleza, si akiwa kwenye foleni. Wanaoanza wana kipande chao chenye mwinamo mdogo na zulia linalotembea lenyewe kuwapandisha. Siku ya katikati ya juma binti yangu alihesabu safari 31 kabla ya chakula cha mchana. Bibi yake alikaa kwenye kiti, chai mkononi, akimwona mwanzo wa mteremko hadi mwisho. Hakuna njia ya pili ya kupotelea, hakuna kona ya kwenda kumtafuta mtoto.

Tena kuna suala la kugongana. Shirikisho la Kimataifa la ski, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo zilizoanza 1967, na iliyo kubwa kwangu ni hii: aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini, kwa sababu aliye chini hana macho kisogoni. Kanuni hiyo hushikika vizuri zaidi pale watu wanapokuwa wachache na kila mtu anamwona mwenzake.

Mtoto mdogo hufundishwa kukutanisha ncha za mbele za ski na kuzitanua nyuma, mfano wa paa la nyumba likitazamwa kutoka mbele. Ski zikikaa hivyo, makali ya ndani huikwaruza theluji na mwendo hupungua. Mwanangu wa miaka 7 aliliweza hilo kwa nusu saa. Mimi lilinichukua siku nzima, kwa sababu mtu mzima akiogopa hujivuta nyuma, na uzito ukienda visiginoni ncha za mbele huelea, na ncha za mbele ndizo zinazoongoza. Dawa yake inatisha: unauelemea mteremko, mifupa ya miundi ikigusa ulimi wa buti. Mwalimu wetu, kijana wa Kisotho mwenye subira kubwa, alinishika mabega akanisukuma mbele bila kusema neno. Hapo nikaelewa.

Kwenye kukodi vifaa naomba usione haya. Kifungio kinachoshika buti kwenye ski kimetengenezwa kiachie mguu wakati wa kuanguka, na nguvu yake ya kuachia hupangwa kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na uzoefu. Anayepunguza kilo zake kwa aibu, au anayejiita hodari wakati ndiyo kwanza ameanza, anaweka rehani goti lake. Soksi iwe jozi moja tu, ndefu. Ya pili hukunjamana, hubana damu, na miguu huzidi baridi.

Kimo ndicho kilichonipa wasiwasi. Mita 3,050 juu, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 70 ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa theluthi moja hivi. Usiku wa kwanza mdogo wetu alikataa chakula, akalala vibaya, saa nane usiku akaamka analia kichwa. Ndiyo dalili za kawaida za maradhi ya mlimani, nayo huweza kumpata yeyote anayepanda haraka kupita mita 2,500, mwenye afya na asiye nayo. Tulimpa maji, tukamkalisha ndani asubuhi yote, saa sita akadai ski zake. Kama kichwa kingezidi, au angeanza kupepesuka au kusema yasiyoeleweka, tungeshuka Butha-Buthe usiku uleule bila kusubiri mapambazuko. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa asipande siku moja. Johannesburg iko karibu mita 1,750, alale huko siku mbili mwili uzoee. Mama mkwe alionwa na daktari wake kabla ya safari, na nashauri kila mzee afanye hivyo.

Jua nalo la huko halina huruma. Theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza ngozi, kwa hiyo unaunguzwa kutoka juu na kutoka chini. Paka mafuta ya kukinga jua hadi chini ya kidevu, na miwani isivuliwe hata mawingu yakitanda. Jikoni, maji huchemka kwenye nyuzi 90 tu. Maharage aliyoyabeba mama mkwe kutoka nyumbani yalikaa motoni tangu adhuhuri hadi magharibi na bado yalikuwa yanagonga sufuria. Tukala papa, ugali wa Wasotho, na mboga za majani.

Jioni ya mwisho tulifanya jaribio barazani. Vipimajoto viwili vilining'inia kwenye msumari. Kimoja kikavu, kingine binti yangu alikivika kipande cha kanga ya bibi yake kilichochovywa majini. Kikavu kilisoma nyuzi 3 juu ya sifuri. Cha kanga kilishuka hadi sifuri, kikapita, kikafika karibu 3 chini, na kanga ikakakamaa. Mama mkwe akaigusa kwa ncha ya kidole. "Mtungi," akasema. Mdogo wetu alikuwa ameshageukia bonde, anahesabu kwa sauti, na kabla hajafika mia moja mashine ya kwanza ikaanza kunguruma.