Uvundo katika Kiyoyozi cha Gari

Sisi tukaao mwambao twaijua harufu ya uvundo itokayo katika matundu ya kiyoyozi cha gari. Wako waifunikao kwa manukato. Lakini manukato huuficha uchafu tu, wala hayauondoi, na mtoto mwenye pumu huzidi kutaabika.

Asili yake ni maji. Nyuma ya dashibodi mna kifaa cha kupozea. Hewa yenye unyevu ipitapo hapo huacha matone, kama gilasi ya maji baridi itokavyo jasho. Gari lizimwapo, unyevu hubaki gizani, na kuvu huota.

Basi dawa ni kukausha. Dakika 5 kabla ya kufika, izimeni baridi, mkaiacha feni ivume. Chujio la hewa, ambalo aghalabu huwa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, libadilishwe kila mwaka, na mapema zaidi penye vumbi. Tena tazameni chini ya gari: ikiwa siku ya joto kiyoyozi chafanya kazi wala maji hayadondoki, huenda mpira wa kutolea maji umeziba, fundi auzibue. Harufu ikidumu, na akioshe kifaa chenyewe.

Chanzo kikiondoka, harufu haina pa kukaa.