Hesabu za Barazani

Jua likipoa, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, huko Kwale, Kenya, wazee hukusanyika vibarazani na chini ya miembe kucheza bao. Wawili hucheza, wengine huwazunguka. Kijana anayetaka kujifunza husalimu, hukaa pembeni na kutazama kwa muda mrefu kabla ya kupewa nafasi. Anayekosea kuhesabu hurekebishwa papo hapo, mbele ya watu.

Mwanahisabati akipita hapo atajiona yuko kwao. Warsha za aljebra dhahania huendeshwa hivyo hivyo: mmoja yuko ubaoni, wenzake wanamfuata hatua kwa hatua, na mwenye shaka humkatiza hata kama uthibitisho haujafika nusu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, mara nyingi komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa ufukweni. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Hizo 22 zinapoingizwa moja moja ndiyo namua. Zikiisha, unaanza mtaji.

Hesabu yenyewe imejificha katika mashimo 16 ya kila upande, ambayo huzungukwa bila mwanzo wala mwisho. Kete 16 zikisambazwa, ya mwisho huangukia pale zilipotolewa. Kete 17 huishia ambapo kete moja ingeishia. Hatua tano kwenda kulia hufutwa na hatua tano kwenda kushoto. Chuoni muundo huu huitwa kundi la mzunguko, na ni miongoni mwa mifano ya kwanza anayopewa mwanafunzi wa aljebra dhahania. Mzee wa Msambweni huutumia kila jioni, kichwani, bila kalamu.

Kuna swali gumu zaidi. Kete ya mwisho ikikuta shimo lenye kete, mwendo huendelea. Ikikuta shimo tupu, mchezaji amelala, yaani zamu yake imeisha. Je, mwendo unaweza kuzunguka milele? Kwa bao, kompyuta ina njia ya kujua: mipangilio ya kete ina kikomo, hivyo mwendo ukirudia hali ile ile, hautalala tena. Kwa programu za kompyuta kwa jumla, Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya kuamua ipi itasimama na ipi haitasimama.

Wataalamu wameuona ujuzi huu wa wachezaji. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa tasnifu kuhusu uwezo wa akili zao. Upande wa vyuo, mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2002 umeviunganisha vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere.

Hoteli za Diani hupokea warsha na mikutano ya kila aina. Warsha ya aljebra ya vyuo hivyo ikija huko, alasiri moja itengwe kwa baraza, na wazee waalikwe kama wakufunzi, wapewe heshima na posho ile ile. Shule za Kwale hazina haja ya kungoja. Ubao mmoja na komwe zinatosha kuanza somo la hisabati: ukitoa kete 37 katika shimo moja na kuzisambaza upande wako, ya mwisho itaangukia shimo la ngapi kutoka ulipoanzia, na kwa nini huhitaji kuzisambaza zote ili ujue?