Uwanja wa viti 60,000 unashindwaje na mvua?

Wiki hii nazungumza nawe kutoka Litembo, huku juu milimani wilayani Mbinga. Usidhani Simba na Yanga ni mali ya Kariakoo peke yake. Huku zina wenyewe, tena wakali. Na jambo ambalo halijawatoka rohoni ni la Mei 2025: ilikuwaje Simba, ikiwa mwenyeji wa marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, iondolewe Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 na kuvushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar, penye viti takriban 15,000?

Jibu la CAF lilikuwa hali ya eneo la kuchezea, pamoja na mvua kubwa za masika. Hapo ndipo watu wanapoguna. Uwanja mkubwa vile, mvua tu?

Naam, wengi wetu tukisema uwanja wa kisasa tunahesabu viti. Viti vipo. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2007, ukajengwa kwa msaada wa China, ukapewa jina la Rais Mkapa alipofariki mwaka 2020. Una viti vya chungwa, bluu na kijani, na rangi ndiyo bei ya tiketi yako. Una paa juu ya majukwaa, njia za riadha, na taa za kuchezea usiku. Taa ambazo, tusisahau, zilizimika tarehe 30 Aprili 2023 Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria, mechi ikasimama watu wakikodoa macho gizani.

Lakini kiwanja chenyewe, mita 105 kwa 68, ndicho kazi ngumu. Zile nyasi hazikupandwa kwenye udongo wa kawaida. Katika viwanja vya aina hii chini yake huwekwa mchanga, chini ya mchanga kokoto, na chini kabisa mabomba yenye matundu. Mvua ikinyesha, maji hupenya mchanga, hufika kwenye mabomba na kwenda zake nje.

Mkulima wa Litembo anaelewa upesi, maana yeye hufanya kinyume chake. Katika ngoro, Mmatengo hulaza nyasi, huzifukia kwa udongo na kuacha shimo katikati, ili maji ya mvua yatulie humo na yasibebe rutuba kwenda bondeni. Yeye anayakamata maji. Fundi wa uwanja anayafukuza. Wote wawili wanajua kuwa ngoro au bomba lisipohudumiwa, msimu mmoja wa mvua unatosha kuharibu.

Huduma hiyo ndiyo ghali. Mchanga ukikanyagwa mno hushikana, maji hayapiti tena, na mizizi hukosa hewa. Sasa fikiria Mkapa: Simba inacheza pale, Yanga inacheza pale, Taifa Stars pale pale. Kisha kuna Simba Day na Wiki ya Mwananchi, muziki na umati. Binafsi sizichukii sherehe hizo, zinaleta fedha na raha. Ila nyasi ni mmea, zinahitaji siku za kupumzika kama shamba lolote. Ndiyo maana msimu wa 2024/25 klabu hizo mbili zilicheza mechi nyingi za ligi KMC Complex, Mwenge, ingawa mashabiki walilalamika kuwa ni padogo.

Hasara ya Mei 2025 haikuwa ya nyasi tu. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 Berkane, ikihitaji kelele za watu wote wale. Ikapata sauti ya robo yao. Aliyekuwa amepanga basi kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam sasa alitakiwa kuongeza nauli ya boti, na mwenye kuuza jezi na maji ya kunywa nje ya geti pale Temeke akabaki na mzigo wake. Mechi iliisha 1-1, kombe likaenda Morocco.

Uwanja wa Mkapa ulikarabatiwa, na tarehe 2 Agosti 2025 CHAN ilifunguliwa pale pale, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso 2-0. Miezi miwili na siku chache baada ya fainali ile.